Kozi Aliyoiongeza Mwanahamisi

Kwa siku sita Mwanahamisi Nanjota alitembea na siri ya mtoto wa watu ndani ya simu yake. Ilimnyima usingizi, ikamnyima hamu ya kula, na mara mbili ikamfanya atoe kopi za wateja upande usio na maandishi. Ilikuwa namba ya tarakimu sita iliyoingia kwa ujumbe mfupi Alhamisi asubuhi. Ujumbe ulisema kwamba Isabel Mateus amechaguliwa na vyuo vikuu viwili, kwamba anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa kutumia namba hiyo, na kwamba mwisho ni Jumatano saa kumi jioni. Asipothibitisha, nafasi zote mbili watapewa wengine. Isabel mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa kwao Kitaya, kando ya mto Ruvuma, ambako simu nyingi huukimbilia mnara wa Msumbiji, na mtu wa Mtwara akipiga huambiwa kwamba namba haipatikani.

Kosa lilikuwa la Mwanahamisi. Tuliseme mapema, maana yeye mwenyewe alichukua siku tano kulikiri hata kimoyomoyo.

Mwanahamisi ana miaka thelathini na sita, na ana steshenari pale Likombe. Si duka la kutisha. Kuna mashine ya kopi yenye kiburi, kompyuta mbili, pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti, na kiti kimoja cha plastiki mbele ya meza. Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kiti hicho hakipoi. Wanakuja wa Likombe na wa Shangani, wanakuja wa vijijini waliolala kwa mashangazi zao, kila mmoja na karatasi ya matokeo aliyoikunja mpaka imeanza kuchanika. Hawajui wasome nini. Wengine wanajua walichoambiwa na baba. Wengine wanaulizana wao kwa wao kozi gani ina ajira, kana kwamba kuna mmoja wao aliyewahi kuajiriwa.

Mwanahamisi huwajazia maombi. Asiye na simu ya maana huandikiwa namba ya simu ya Mwanahamisi, na anayetoka bondeni mtoni vilevile, maana namba ya kule ni sawa na kutokuwa na namba. Steshenari nyingi hufanya hivyo na hakuna anayeona ajabu. Lakini maana yake ni kwamba ikifika Agosti, majaliwa ya watoto wengi huingia kwenye simu ya mwanamke mmoja mwenye duka, yakilia ting, ting, katikati ya ujumbe wa bando na salamu za shemeji.

Na hakufika pale kwa bahati. Mwaka 2008 yeye mwenyewe alimaliza kidato cha sita, daraja la pili, Fizikia, Kemia na Biolojia. Baba yake alikuwa mkulima wa korosho na muhogo, na alikuwa ameshawatangazia wenzake msikitini kwamba nyumba yake inapata daktari. Enzi hizo unaomba kwa fomu ya karatasi, fomu inasafiri kwa basi. Mwanahamisi akajaza udaktari, udaktari peke yake, chuo kimoja, akakaa kusubiri. Alama hazikutosha. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba kwa alama zilezile angeingia uuguzi bila hata kusukumana. Alikuja kulijua hilo miaka mitatu baadaye, ana mume na ana mtoto mgongoni, alipokwenda kliniki akamkuta mwenzake wa darasani, aliyefaulu chini yake, amevaa sare nyeupe na anapima uzito wa watoto. Siku ile alirudi nyumbani akalia mpaka mumewe akadhani kuna msiba.

Ndoa ilikwisha, mtoto akakua, duka likafunguliwa, lakini lile jeraha halikupona. Ndiyo likaweka sheria ya duka. Hakuna mtoto anayenyanyuka kwenye kiti kile akiwa na chaguo moja. Na msichana mwenye alama nzuri za sayansi, uuguzi ataujaza. Asipoujaza yeye, Mwanahamisi ataujaza. Wengi aliwauliza kwanza. Wengine hakuwauliza, akijiambia kwamba watamshukuru mbele ya safari.

Isabel alikuja mwishoni mwa Julai. Msichana mrefu, mkimya, wa ukoo uliovuka mto zamani za babu, mwenye tabia ya kusoma kila mstari kabla ya kubonyeza, jambo lililomchosha Mwanahamisi kwa sababu foleni ilikuwa imefika barazani. Alitaka sayansi ya kilimo, Morogoro. Mwanahamisi akamwuliza na nini tena. Isabel akasema basi. Mwanahamisi akamweleza kwa upole, halafu kwa ukali kidogo, kwamba chaguo moja ni kucheza kamari na maisha, na kwamba kwa alama zake wenzake wangechinja mbuzi wakaingia uuguzi. Isabel akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kilimo tu, dada. Nimeshafikiri." Kisha akaaga, akaenda stendi kutafuta gari la kwao.

Mwanahamisi alimtazama akiondoka. Alijiona mwenyewe wa mwaka 2008, na shingo ileile ngumu. Kabla hata msichana hajafika stendi, akafungua ombi jipya kwenye chuo cha Dar es Salaam, akajaza shahada ya uuguzi kwa jina la Isabel Mateus, akalipa ada ya maombi kutoka mfukoni mwake. Hakumwambia mtu. Alilala vizuri usiku ule, na hilo ndilo linalomwuma hadi leo.

Sasa kilimo kilikuwa kimekubali, na uuguzi umekubali. Hapo ndipo mfumo ulipomshika. Anayechaguliwa na chuo kimoja hana haja ya kuthibitisha chochote, nafasi ni yake, aanze kufungasha. Anayetakiwa kutamka ni yule wa vyuo viwili. Kama Mwanahamisi angeacha mambo yalivyokuwa, Isabel angekuwa mwanafunzi wa Morogoro sasa hivi, akiwa amelala zake Kitaya bila kunyanyua kidole. Alichokiweka ili kumwokoa ndicho kilichokuwa kinataka kumzamisha.

Alhamisi alipiga simu mara kumi na nne. Ijumaa akamtuma mama mmoja mfanyabiashara wa muhogo mkavu, ambaye alirudi Jumatatu akasema alipita kijiji kingine. Na muda wote huo ilikuwa inawezekana kabisa kumaliza jambo palepale dukani, kwa dakika mbili, maana namba ya siri alikuwa nayo. Alikaa mbele ya kompyuta mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Akithibitisha uuguzi, atakuwa amemwibia mtoto maisha yake. Akithibitisha kilimo, atakuwa amemtupia jalalani nafasi ambayo yeye mwenyewe angeipokea kwa magoti, na familia haitajua mpaka siku mtu atakapoona majina mtandaoni na kuwaambia kwamba mtoto wao alipata unesi ukapotea. Aliogopa kila upande. Lakini ukweli wote ni huu: Jumanne jioni kidole chake kilikuwa juu ya neno thibitisha, kwenye ukurasa wa uuguzi, na kilichomtoa pale ni mteja aliyekuja kulaminisha cheti.

Jumatano saa nne kasoro akafunga duka, akamwita bodaboda wa kijiweni kwake, wakashika njia ya Kitaya.

Ilikuwa safari ya saa mbili na nusu ya vumbi jekundu, na njiani alijipa masharti. Akimpata Isabel, amweleze, msichana achague, yeye abonyeze. Asipompata mpaka saa tisa, atathibitisha kilimo mwenyewe kwa simu yake, liwalo na liwe. Lilikuwa wazo zuri, na lilimtuliza mpaka walipoingia kijijini na simu ikatetemeka kwenye mkoba. Ulikuwa ujumbe wa kumkaribisha Msumbiji. Mtandao wake ulikuwa umevuka mto bila yeye, bando lake halikuwa na kazi tena. Mtu aliyeandika namba yake kwa watoto wa Kitaya kwa miaka kumi kwa sababu ya mtandao wa kule, hakuwahi kufikiri kwamba siku yeye akienda kule mtandao utamfanyia hivyohivyo. Alizima simu akaiwasha, akazima tena. Msumbiji iliendelea kumkaribisha.

Nyumbani alimkuta mama yake Isabel, Elsa, anatwanga muhogo. Elsa alimpokea kwa furaha ya mtu anayempokea mwalimu. Akaleta kiti, akaleta maji, akauliza hali ya mjini, hali ya mtoto, hali ya biashara. Isabel na mjomba wake walikuwa kwenye mikorosho, akasema, wanapulizia salfa, ile dawa ya ukungu, watarudi. Mwanahamisi akauliza kama wanaweza kuitwa. Elsa akacheka, akasema ni mbali, na watarudi.

Huko huwezi kumwambia mama jambo la mtoto ukadhani umefika. Mwanahamisi alijua hivyo, hata kwao ilikuwa hivyo. Neno la mwisho juu ya mtoto ni la mjomba, ndugu wa mama. Mateus, baba yake Isabel, alikuwa amefariki siku nyingi, na hata angekuwa hai angekaa pembeni akasikiliza kama wakwe wote. Mwenye neno alikuwa Dercio, kaka yake Elsa, na Dercio alikuwa mikoroshoni. Na mgeni mwenye jambo zito halitoi akiwa amesimama, wala halitoi kabla ya kula. Halitoi kwa haraka, kwa sababu jambo linaloletwa kwa haraka linaonekana ni msiba au uongo.

Walirudi saa saba na nusu, wamejaa vumbi la njano la salfa mpaka kwenye nyusi. Isabel alipomwona mgeni alisimama, macho yakamtoka, lakini hakuuliza. Ilikuwa zamu ya mjomba kuuliza, naye alitaka kuoga kwanza. Dercio akaoga. Elsa akaandaa ugali wa muhogo na samaki wa mtoni. Saa nane na dakika kumi walinawa mikono. Mwanahamisi alisukuma matonge kooni kama anameza dawa, na kila Elsa alipomwongezea mchuzi akasema asante, huku anahesabu dakika. Bodaboda, ambaye hakuwa na mjomba wa mtu wa kumsubiri, alikula mpaka akaegemea ukuta.

Saa nane na dakika arobaini Dercio alijipangusa mdomo, akasema sasa mgeni wetu tunamsikiliza.

Mwanahamisi aliyasema yote vibaya. Alianza na habari njema, na hilo lilikuwa kosa lake la pili. Alisema Isabel amechaguliwa na vyuo viwili, kilimo Morogoro na uuguzi Dar es Salaam, na kwamba lazima leo, kabla ya saa kumi, aseme anakwenda wapi. Kabla hajafika kwenye uovu wake, neno uuguzi lilikuwa limeshashuka katikati ya mkeka na watu wazima wawili wanaliangalia.

Elsa alifunika mdomo kwa kanga. Akasema, nesi. Akasema tena kwa sauti ndogo, nesi, halafu machozi yakaanza kumtoka. Alieleza, bila kuulizwa, habari za mama yake mkubwa aliyefia njiani akipelekwa zahanati, na kwamba angekuwepo mtu wa nyumbani anayejua kuchoma sindano asingekufa. Dercio alitikisa kichwa polepole. Alisema kilimo wanacho, wamezaliwa nacho, mtu haendi Morogoro kufundishwa jembe. Alisema Mungu ametoa njia mbili na moja ni ya lami.

Mwanahamisi alimtazama Isabel. Msichana alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta salfa kwenye kucha moja baada ya nyingine. Hangesema kitu. Mjomba ameshasema, mama amelia, mgeni amesafiri. Angekwenda Dar es Salaam kwa heshima, angevaa nyeupe kwa heshima, na hakuna ambaye angejua. Mwanahamisi aliona kwamba kuja kwake hakujamwacha huru, kumemfunga zaidi. Kama angebaki dukani akabonyeza kilimo, angekuwa amemtendea haki kwa siri. Sasa alikuwa amemleta mbele ya watu wenye neno akiwa ameshabeba jibu ambalo si lake. Alijichukia pale mkekani, alijichukia kwelikweli.

"Mjomba," alisema, "uuguzi hakuuomba yeye. Niliujaza mimi."

Dercio alimwuliza ana maana gani. Akaeleza. Alieleza kiti, alieleza foleni, alieleza kwamba msichana alisema kilimo tu na kwamba yeye alimwona mjinga. Alieleza hata mwaka 2008, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mteja, mpaka kwa yule mwenzake wa kliniki. Alisema alitaka mtu mmoja aende mahali ambapo yeye hakwenda. Elsa aliacha kulia. Bodaboda aliacha kuegemea ukuta.

Isabel ndiye aliyekuwa wa kwanza kuongea. "Ulijaza lini?"

"Siku ileile."

"Nilikuwa bado stendi," Isabel alisema, si kwa hasira, kama mtu anayeweka jambo mahali pake.

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na tano. Dercio akafanya kitu ambacho Mwanahamisi hakukitegemea, na ambacho hata Elsa alishangaa. Alimwuliza mtoto. Akamwambia wewe ndiye utakayesoma, hebu sema, na useme na sababu, maana mimi mwenyewe bado sioni sababu.

Isabel alianza taratibu, macho chini, kama inavyostahili mbele ya mjomba, lakini alivyoendelea sauti ilisimama.

"Njomba, unakumbuka ile mikorosho ya kule juu ilipoanza kunyauka? Walikuja watu wa utafiti, wawili, mmoja mwanamke. Wakachimba, wakatia udongo kwenye vifuko, wakaandika jina lako. Ukawachinjia kuku. Mwaka wa ngapi huu? Hawakurudi kutuambia kitu, na mikorosho kumi na tisa imekufa. Mimi nataka kuwa yule anayerudi."

Dercio alikuwa anatazama upande wa shamba. Ni vigumu kujua mwanamume wa umri ule anafikiri nini, lakini ile kumi na tisa ilimpata. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kumi na tano, labda kwa aibu. Elsa alitaka kuongea, kaka yake akanyanyua mkono kidogo.

"Ntoto kasema," Dercio alisema. "Jazeni kilimo."

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na mbili, na simu ilikuwa bado iko Msumbiji.

Mwanahamisi alishika kichwa. Alianza kusema habari za kurudi na pikipiki mpaka mahali penye mtandao, na bodaboda akasema kwa kasi yoyote ile ni dakika arobaini. Isabel alinyoosha mkono akaomba simu. Alitembea nayo nyuma ya nyumba, akapanda kichuguu kilichokuwa karibu na choo, akaingia kwenye mipangilio, akaikataza simu kuchagua mtandao yenyewe, akausubiri mnara wa Tanzania utokee kwenye orodha, akaukamata. Ulikuwa na kijiti kimoja, kinakuja na kuondoka. Watu wa Kitaya hufanya hivyo kila siku wakitaka kutuma pesa au kumjulia hali mgonjwa, na hawaoni kama ni ujuzi. Mwanahamisi, bingwa wa mifumo yote ya Likombe, alisimama chini ya kichuguu amenyanyua uso kama mtoto.

Ukurasa wa chuo ulifunguka nusu, ukagoma. Ukafunguka tena. Saa tisa na dakika arobaini na nane ukaomba neno la siri. Mwanahamisi akalitaja, Isabel akaliandika. Ukaomba namba ya tarakimu sita. Mtandao ukaondoka. Mwanahamisi alisoma aya zote anazozijua, na Elsa pembeni yake alifanya ishara ya msalaba, na wote wawili walikuwa wanamwomba Mungu mmoja kuhusu kijiti kimoja cha mtandao. Kikarudi. Isabel aliandika tarakimu, akasoma mstari wote, kila neno, kama alivyosoma siku ile dukani. Mara hii hakuna aliyemwambia afanye haraka. Akabonyeza.

Saa kumi kasoro dakika saba ujumbe ukaingia kwamba Isabel Mateus amethibitisha nafasi yake, shahada ya sayansi ya kilimo. Isabel alikaa palepale juu ya kichuguu, akacheka peke yake, akaficha uso kwenye magoti. Elsa alikwenda kumkumbatia, na kama alikuwa na huzuni ya unesi aliimeza. Mwanahamisi akaegemea ukuta wa choo na hakujali.

Alitegemea angalau aagwe vizuri. Aliagwa. Elsa alimfungia muhogo mkavu kwenye mfuko, na Isabel alimpa mkono, akasema asante kwa kuja. Asante kwa kuja, si zaidi. Dercio alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Hakuwa amekasirika tena, au alikuwa amekasirika kwa adabu.

"Nikuulize kitu, mwanangu," alisema. "Hao wengine uliowajazia, uliwauliza?"

Dercio hakusubiri jibu, alimgusa bodaboda begani, akarudi kwa familia yake.

Njia nzima ya kurudi aliwahesabu. Mwaka huu walikuwa wanne. Mwaka jana alikumbuka watatu, mwaka juzi wawili ana hakika na mmoja hana hakika. Alijitetea kwamba wengi wao walikuwa wanataka. Alijitetea kwamba ajira ya uuguzi ipo. Alijitetea mpaka pikipiki ikafika Likombe na akagundua kwamba kati ya wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi dukani kumsalimia, na kwamba siku zote alikuwa anadhani wana shughuli nyingi.

Kesho yake hakufungua duka kwanza. Alikaa ndani, mlango umeegeshwa, akafungua daftari la namba za simu. Wa kwanza aliyempigia alikuwa Witness, binti wa Shangani aliyekuja miaka miwili iliyopita akitaka uhasibu, na Mwanahamisi akamwambia mwenye alama za sayansi hafi njaa wodini, akamwondolea uhasibu na kuweka uuguzi kabla hajamaliza sentensi. Sasa alikuwa mwaka wa pili. Simu ilipokelewa haraka. Witness alidhani kuna msiba, alipoambiwa hakuna akauliza habari za dukani, za mashine ya kopi, za mtoto.

Mwanahamisi alijibu zote. Halafu akasema kwamba ana swali moja ambalo alipaswa kumwuliza siku ile kwenye kiti, na hakumwuliza. Akamwuliza kama uuguzi aliutaka.

Upande wa pili zilisikika sauti za wasichana wengine, mlango ukifungwa, hatua za mtu anayetoka nje ili asisikike. Ndipo Witness akauliza, kwa sauti ndogo sana, kama bado kuna muda wa kubadili.

Mwanahamisi hakujua. Akavuta kiti, akakaa, akamwomba asikate simu.